Ukikutana na Verdicchio, tafuta samaki

Ukiona kwenye rafu chupa ya kijani iliyobanwa kiunoni kama mtungi wa kale, usidhani ni pambo tu. Huenda ni Verdicchio, mvinyo mweupe wa mkoa wa Marche, mashariki mwa Italia. Chupa ya namna hiyo ilianza miaka ya 1950, ila siku hizi wazalishaji wengi wazuri wanatumia chupa za kawaida, kwa hiyo soma lebo kwanza. Verdicchio dei Castelli di Jesi hutoka upande wa bahari ya Adriatiki. Ile ya Matelica hutoka bondeni, ndani zaidi, na mara nyingi huwa na uchachu mkali zaidi.

Ukali huo ndio siri yake mezani. Unakata mafuta kama ndimu inavyofanya kwenye samaki wa kukaanga. Kule Ancona, mji wa bandari wa Marche, huunywa na brodetto, mchuzi mzito wa samaki wa aina nyingi. Kome, ngisi na dagaa wa kukaanga nao wanaufaa sana. Halafu kuna zeituni za Ascoli, mji mwingine wa Marche, zilizojazwa nyama, zikavingirishwa kwenye chenga za mkate na kukaangwa. Hizo, mimi, sigawani na mtu.

Mwishoni utahisi uchungu kidogo, kama wa lozi. Usidhani mvinyo umeharibika, ndivyo ulivyo.

Upoze hadi nyuzi 10 au 12 hivi. Ukiwa baridi kama barafu, hutaonja kitu.