Ukiumwa na mbwa Pemba: kuanzia mferejini hadi dozi ya mwisho

Jambo la kwanza baada ya kuumwa na mbwa si kumkimbiza mbwa wala kwenda kugombana na mwenyewe, bali ni kuelekea mferejini, yaani kwenye bomba la maji, na kuosha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15 kamili. Sabuni ya kufulia inatosha. Virusi vya kichaa cha mbwa hutoka katika mate ya mnyama, hukaa kwanza kwenye nyama iliyojeruhiwa, kisha hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye ubongo, na kila kinachoondolewa na maji katika dakika hizo hakitapata nafasi ya kuianza safari hiyo.

Usitie pilipili, kitunguu, majivu wala mafuta, na usilifunge jeraha kwa kulibana. Suala la najisi ya mbwa, ambayo katika dini huondolewa kwa maji na udongo, pia lisichanganywe na tiba: udongo usiingizwe ndani ya jeraha, na mwenye wasiwasi kuhusu twahara amuulize sheikh baada ya kutoka hospitali.

Ukishaosha, nenda siku hiyo hiyo hospitali, iwe ya Wete, Chake Chake au Mkoani, hata kama ni mkwaruzo mdogo au mbwa ameramba tu mahali palipochubuka. Chanjo huanza siku inayohesabiwa kuwa ya 0, na dozi zinazofuata huangukia siku ya 3 na ya 7, na katika baadhi ya taratibu huendelea hadi siku ya 14 au 28. Kwa hiyo fuata tarehe zilizoandikwa kwenye kadi yako. Jeraha likiwa limetoka damu, daktari anaweza kuongeza dawa ya kinga inayodungwa kulizunguka. Wengi huacha dozi za mwisho kwa kuwa kidonda kimepona, na hilo ni kosa kubwa, kwani dalili huweza kuchelewa miezi miwili au mitatu, na zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa bila hatari, afungwe na aangaliwe kwa siku 10, huku sheha na daktari wa mifugo wakijulishwa. Chanjo isisubiri matokeo ya uangalizi huo. Mbwa akibaki mzima, daktari ndiye atakayeamua kuisimamisha. Watoto waulizwe kwa upole, kwa sababu mtoto aliyemchokoza mbwa njiani akitoka skuli mara nyingi huficha alama ya meno kwa kuogopa kupigwa.

Wafugaji nao wajue kwamba ng'ombe au mbuzi aliyeumwa huweza kuugua, akatokwa na mate na kushindwa kumeza kana kwamba amekwamwa na kitu kooni. Usimtie mkono kinywani, na usimchinje kwa ajili ya kuliwa.

Bahari peke yake haikilindi kisiwa. Pemba ilikwisha kuondokana na ugonjwa huu mwaka 2014 kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016 kutoka nje ya kisiwa, na ukatokomezwa tena mwaka 2018 baada ya chanjo kurejeshwa. Mwenye mbwa wa kuwindia au wa kulinda shamba dhidi ya kima ampeleke kila kampeni inapotangazwa katika shehia yake, na asipokee mbwa aliyeletwa kwa jahazi bila ya kuthibitishwa kuwa amechanjwa.