Bolt si bolti kila mara: namna ya kulifasiri neno hili bila kujikwaa

Kazi yangu ni kufasiri kutoka Kiingereza. Siku moja niliandika "bolti ya pamba" mahali palipotaka "jora la kitambaa cha pamba". Mhariri akaniuliza kama nguo hiyo inakazwa kwa spana. Tangu siku hiyo, nikikutana na bolt hupita njia hii.

Hatua ya 1: Anza na mshale. Katika Kiingereza cha kale, bolt ni mshale mfupi, mnene, wenye kichwa kizito. Kijerumani kina ndugu yake, Bolzen. Uchore karatasini: kijiti kinene kilichonyooka, kichwa upande mmoja. Sasa chukua bolti ya kweli uilaze kando ya mchoro. Fundi wa kwanza kuiita hivyo hakuwa na haja ya kufikiri sana.

Hatua ya 2: Jiulize, sentensi imechukua umbo la mshale au mwendo wake? Hapa ndipo penye kazi. Palipo na umbo utapata komeo la mlango, bolti ya chuma, jora la kitambaa lililoviringwa, na mtu aliyeketi bolt upright, yaani wima kama mlingoti. Palipo na mwendo utapata radi, ambayo ni thunderbolt, na farasi aliyetimka ghafla. Shakespeare, katika Henry V, ametumia methali "a fool's bolt is soon shot": mshale wa mpumbavu haukawii kurushwa. Nimewahi kuona mtu akiandika hapo "bolti ya mjinga". Msomaji atabaki akitafuta nati.

Hatua ya 3: Chunguza kama ni pacha wa uongo. Kwenye maandishi ya zamani ya upishi utakuta unga ukifanyiwa bolt. Huko ni kuchekecha tu. Neno hilo lilitoka Kifaransa cha kale, buleter, wala halina undugu na mshale. Tahajia ndiyo iliyowakutanisha.

Hatua ya 4: Ikiwa ni chuma kweli, tazama kilipo. Kinachosukumwa kufunga mlango kwa ndani ni komeo. Chenye meno ya kukazia nati ni bolti.

Vitabu vya mashine vina mtego mwingine. Vikisema M8, hiyo 8 ni kipenyo cha bolti kwa milimita. Kichwa chake cha pembe sita, kwa kawaida, kinashikwa na spana namba 13, na mafundi wengi huitaja bolti kwa spana yake. Ukiandika "bolti namba 8" fundi atatoa spana ya 8, ajaribu, aone haiingii, kisha akutukane wewe na kitabu chako. Mimi huandika hivi: bolti ya M8, tumia spana namba 13.