Pima maji ya RO kabla hujabadilisha membreni
Wadau mnaosafisha maji ya kisima yenye chumvi kwa mashine ya RO (reverse osmosis), hasa huku Kigamboni, msibadilishe membreni (lile chujio linalozuia chumvi) kwa kukisia, nunueni kipima TDS (chumvi na madini yaliyoyeyuka majini) kile kidogo cha mkononi. Acha maji yamwagike dakika mbili tatu, halafu pima yanayoingia na yanayotoka kwenye membreni kabla hayajafika kwenye tangi. Mfano yakiingia yanasoma 1,500 ppm yakatoka 60, imezuia asilimia 96 ya chumvi, hiyo bado nzima kabisa. Ikishuka chini ya asilimia 85 hivi anza kutafuta nyingine, ila cheki presha ya pampu kwanza, maana presha ikiwa ndogo chumvi inapita hata kwenye membreni mpya.

Kwa nini inafanya kazi: pampu inasukuma maji yapenye, chumvi nyingi inabaki nyuma inaondoka na maji ya kutupwa, na kipimo kinasoma umeme unavyopita majini, chumvi ikizidi namba inapanda. Hizo dakika za kumwaga msiziruke jamani, mashine ikilala usiku kucha chumvi inajipenyeza taratibu upande wa pili, kwa hiyo glasi ya kwanza asubuhi inasoma juu bila membreni kuwa na tatizo lolote.

Kipima kinapofeli: hakioni bakteria. Maji yanaweza kusoma 20 na bado yakawa na vijidudu vya kwenye tangi au bomba chafu, hapo safisha tangi kwa klorini (chomoa membreni kwanza, klorini inaiua) au chemsha.