Kabla Hujabandika Tailizi, Nyoosha Sakafu

Fundi akikuambia "bosi, haya mabonde nitayamaliza na gundi", mkatalie. Gundi ya tailizi ni ya kushikisha. Ukiijaza sentimita tatu inasinyaa ikikauka, na tailizi inazama nayo kona moja.

Pima kwanza. Laza rula ya alumini ya mita 2, izungushe kila upande, na panapopita mwanga chini yake piga chaki. Chumba kizima kipime kwa mpira wa maji (ule mwembamba unaojazwa maji ili kuonyesha usawa) kutoka kona hadi kona, kisha vuta uzi. Angalia milango: mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kunyooshea, pamoja na tailizi, vinaweza kupandisha sakafu sentimita 5, na mlango wa chuma haukatwi kwa randa. Bafuni usinyooshe ikawa bapa kabisa. Acha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji.

Sasa niru, ile saruji laini iliyosuguliwa juu ya sakafu. Hapa nisikilize vizuri.

Sebule yangu ya Kibaha ilikuwa na sakafu ya niru, laini kama sahani, ila katikati imebonyea. Fundi alifagia, akanyunyiza maji, akamwaga mchanganyiko juu yake. Nilikuwa nimesimama pale pale na sikusema neno, maana kwa macho yangu palikuwa safi. Miezi minane baadaye mama mkwe alivuta kiti, akasita: "Baba, hapa chini pana uwazi?" Nikachukua bisibisi, nikagonga kwa mpini sebule nzima. Karibu robo ililia kama debe tupu. Msimu wa joto ulipofika, tailizi mbili ziliinuka kwa mlio, zikaegemeana kama hema. Tulipobandua, gundi ilikuwa imeshika vizuri sana. Kilichoachia ni ule mchanganyiko wa kunyooshea: ulitoka mzima mzima kama mkate wa kumimina unavyobanduka sufuriani, na niru chini yake inang'aa vilevile.

Kwa hiyo niru ichimbuliwe kwa tindo na nyundo, matundu karibu karibu, mpaka uone zege. Fagia, osha vumbi lote, lowesha tangu jana yake, lakini maji yasituame. Paka uji wa saruji kwa brashi, na mchanganyiko umwagwe uji ungali mbichi. Ndoo 1 ya saruji kwa 3 au 4 za mchanga uliochekechwa. Mchanga wa baharini usiingie, una chumvi. Ukiukamata mchanganyiko mkononi ushikane bila kuchuruzika. Mwagilia siku 7, na anayetaka kubandika kesho yake mzuie, hata kama ana kazi nyingine inamsubiri. Kisha rudisha rula, pima upya.

Pembeni mwa ukuta acha mwanya wa milimita 5, tailizi zinatanuka. Mabomba ya chini yajaribiwe kwa maji kabla hayajafunikwa. Ufa wa zege unaozidi kupanuka usiuzibe tu, tafuta chanzo chake. Nunua boksi moja la ziada uliweke. Malipo ya mwisho yabaki mfukoni mpaka umegonga tailizi zote mwenyewe, pamoja na zile za nyuma ya mlango.