Kabla hujabonyeza START: flashi ya kupigia Windows na ya uokoaji

Flashi ya kupigia Windows hutafutwa siku ambayo laptopu imeshagoma kuwaka. Siku hiyo kompyuta pekee ya kuitengenezea ni ileile iliyolala mezani, na bando lililobaki halifiki hata giga moja. Kwa hiyo itengeneze leo, mashine ikiwa nzima.

Piga hesabu ya bando kwanza. Faili la ISO, yaani diski nzima ya usakinishaji ndani ya faili moja, la Windows 11 linapita giga 5, la Linux Mint, mfumo endeshi wa bure, linakaribia 3. Lipakue kwenye tovuti ya wenyewe, si kwenye kiungo cha kundi la WhatsApp kinachoahidi Windows "iliyokwisha kuamilishwa". Huwezi kujua mwingine ametia nini humo ndani. Likishashuka, fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, ulinganishe na namba iliyoandikwa kwenye tovuti. Ikitofautiana hata kwa herufi moja, faili halikushuka sawasawa au limechezewa.

Flashi yenyewe isipungue giga 8. Mimi hununua za 32, na nilijifunza kwa kuumia kutoamini maandishi ya juu. Niliwahi kuuziwa ya "64GB" kwa bei ya kutupa. Ilipokea kila kitu bila kulalamika, lakini Windows ikawa inakwama kila ikifika katikati, nami nikawa nalaumu laptopu ya mteja. Nilipoipima kwa H2testw, programu inayoijaza flashi kisha kusoma ilichoandika, kumbe uwezo wake wa kweli haukufika hata giga 8. Kuipima kunachukua muda. Iache ifanye kazi wewe ukale.

Hamisha kila kilichomo, maana itafutwa yote. Kwenye Rufus, programu inayoiandika ISO kwenye flashi ukibonyeza START, soma jina na ukubwa pale panapoandikwa Device kabla ya kubonyeza chochote. Kama diski ya nje yenye picha za harusi imechomekwa, ichomoe. Halafu uliza mashine utakayoipiga: bonyeza Windows na R, andika msinfo32, tazama BIOS Mode, yaani namna mashine inavyowaka. Ikisema UEFI, kwenye Rufus pale pa Partition scheme (mpangilio wa diski) chagua GPT. Ikisema Legacy, MBR. Na usinakili mafaili kwa mkono ukidhani ni njia ya mkato. FAT32, mpangilio wa mafaili wa flashi nyingi, haibebi faili linalozidi giga 4, na install.wim, faili kubwa lililobeba Windows yenyewe, siku hizi mara nyingi inazidi. Rufus inajua namna ya kulikwepa hilo.

Jambo linalowaliza watu kuliko yote ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga data ya diski. Laptopu nyingi mpya hufunga diski kwa siri bila mwenyewe kujua, pale tu alipoingia na akaunti ya Microsoft. Ukienda BIOS, mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, ukazima Secure Boot, ulinzi unaokataa programu isiyotambulika wakati wa kuwaka, ili flashi yako ikubalike, unaporudi Windows inakudai ufunguo wa tarakimu 48. Hata flashi ya uokoaji ikiwaka vizuri, bila ufunguo huo mafaili hayasomeki. Basi ingia kwenye akaunti hiyo mapema, uuandike ufunguo kwenye karatasi. Kuuhifadhi ndani ya laptopu hiyohiyo ni sawa na kufungia funguo za nyumba ndani ya nyumba.

Laptopu nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 zina kituko kingine: kisakinishi kinafika pa kuchagua diski, hakioni kitu. Diski haijafa, inakosa dreva ya Intel RST, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuiona diski. Iweke kwenye flashi mapema, pamoja na dreva ya Wi-Fi.

Windows 10 iliacha kuhudumiwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na 11 inadai TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya giga 4 na diski ya giga 64. Mashine isiyofikia hapo mimi huipa Mint, wala wenyewe hawajanirudia kulalamika.

Kwa uokoaji tumia Ventoy: unaiweka kwenye flashi mara moja, kisha unanakili ISO nyingi utakavyo. Yangu ina Clonezilla ya kunakili diski, GParted ya kugawa diski, SystemRescue ya kuokoa mfumo na Memtest86+ ya kupima RAM.

Mwisho ijaribu. Mashine inapowaka, bonyeza kitufe cha menyu ya kuchagua iwake kwa flashi: HP ni Esc kisha F9, Dell F12, Lenovo nyingi F12. Acer nayo ni F12, ila kwa baadhi mpaka uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Tumia Restart, si Shut down, kwa sababu Fast Startup, njia ya Windows ya kuwaka haraka, huiacha Windows nusu usingizini. Menyu ikitokea, usisakinishe kitu. Zima, chomoa, andika juu yake WIN11 na mwezi kwa maka pen, uifiche mahali ambapo mdogo wako hataichukua kwenda nayo steshenari kuprinti CV.