Somo: Kutoka vipande vya RNA (nakala ambazo seli hutengeneza kutoka kwa jeni zinazofanya kazi) hadi orodha ya jeni zilizobadilika kiwango cha kufanya kazi

Kabla ya kufungua kompyuta, uliza sampuli zilikusanywaje. Kama za wagonjwa zote ziliandaliwa Jumatatu na za wazima Ijumaa, hutajua tofauti unayoiona ni ya ugonjwa au ya siku, na hakuna programu itakayokutenganishia. Changanya makundi katika siku hizo tangu mwanzo. Kila kundi liwe na watu watatu au zaidi. Kumpima mtu mmoja mara tatu hakumfanyi awe watatu.

Hatua ya 1: Pitisha faili za FASTQ (zenye herufi za vipande vilivyosomwa na mashine, na alama za ubora wake) kwenye FastQC, programu ya kukagua ubora. Alama ya ubora ya 30 maana yake ni uwezekano wa kosa 1 katika herufi 1,000.

Hatua ya 2: Tafuta kila kipande kimetoka jeni ipi. Programu ya STAR hufanya kazi hiyo vizuri, ila kwa jenomu (DNA yote) ya binadamu inataka kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 30 hivi. Kwa kompyuta ndogo, tumia programu ya Salmon.

Hatua ya 3: Chora PCA, mchoro unaoweka sampuli zinazofanana karibu karibu. Tafadhali usiiruke! Sampuli za kundi moja zikisambaa ovyo, simama utafute sababu. Niliwahi kuona sampuli ya mwanamume imekaa mahali pasipo pake. Nilipotazama XIST, jeni inayofanya kazi kwa wanawake, ikawa iko juu: lebo zilikuwa zimebadilishana. Bila mchoro ule ningeandika matokeo ya uongo kwa moyo mweupe.

Hatua ya 4: Ipe DESeq2, programu ya kulinganisha makundi, hesabu ghafi za vipande vya kila jeni, kisha soma thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa hivyo kwa bahati tu) iliyosahihishwa kwa wingi wa jeni zilizopimwa. Ukipima jeni 20,000 kwa kikomo cha 0.05 bila kusahihisha, takriban 1,000 zitapita kwa bahati tu, hata kama hakuna kilichobadilika.

MASWALI

Mwalimu, kwa nini nisiipe DESeq2 TPM, yaani hesabu zilizokwisha kurekebishwa kwa urefu wa jeni na jumla ya vipande?
DESeq2 hupima uhakika wa kila jeni kwa wingi wa vipande vyake. Jeni yenye vipande 5 haiaminiki sawa na yenye 5,000, na TPM huificha habari hiyo. Tofauti za jumla ya vipande kati ya sampuli, DESeq2 inazirekebisha yenyewe.

Kwenye matokeo, badiliko la jeni likiandikwa kwa log2 kuwa 1, ni kubwa?
Ni ongezeko la mara mbili. Hasi 1 ni kushuka hadi nusu.

Samahani, mimi nina sampuli moja tu kila upande. Nifanyeje?
Pole, ndugu yangu. Huna kipimo cha jinsi watu wa kundi moja wanavyotofautiana wao kwa wao, kwa hiyo p yoyote utakayopata haina msingi. Tumia data yako kubuni dhana, kisha rudi ukusanye sampuli nyingine.