Kwenda Tsavo Mashariki kutoka Mombasa

Anayekusudia kuizuru Mbuga ya Wanyama ya Tsavo Mashariki kwa gari akitokea Mombasa ni bora aingilie lango la Bachuma, lililo karibu zaidi na Pwani kuliko la Voi, na aondoke mjini kabla ya alfajiri, kwani wanyama huonekana vyema jua likiwa bado halijawa kali (na malori ya Mariakani nayo hayana huruma kwa aliyechelewa). Ada hulipwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, wala si kwa fedha taslimu, kwa hiyo shughuli hiyo imalizwe nyumbani, na raia asisahau kitambulisho. Chupa za plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020. Maji yabebwe katika chupa ya kudumu.

Wakati wa kiangazi, hasa kati ya Agosti na Oktoba, ndovu waliogeuka wekundu kwa vumbi la Tsavo huja kunywa maji katika bwawa la Aruba. Kwa maoni yangu, kusubiri hapo kimya, injini ikiwa imezimwa, kunafaa kuliko kuzungukazunguka ukimtafuta simba.